Msitu wa Karura na Mito Yake: Tathmini ya Kazi ya Wanaojitolea

Kwa miaka mingi nimeingia Msitu wa Karura, jijini Nairobi, kwa njia mbili: kama mgeni anayelipa kiingilio ili atembee na kupumzika, na kama mmoja wa watu wanaojitolea kung'oa magugu, kupanda miche na kuokota taka kandokando ya mito. Tathmini hii inahusu zaidi njia ya pili, kwa sababu naamini kwamba huduma anayoipata mgeni ni zao la kazi hiyo, na kwamba anayetaka kujua kama msitu unatunzwa vyema hana budi kuutazama akiwa amesimama ukingoni mwa mto. Hukumu yangu naitaja mapema. Katika kuhifadhi miti, jumuiya ya Karura imefanya kazi ya kupigiwa mfano. Katika kutunza maji yanayopita kati ya miti hiyo, kazi imefika nusu, na nusu iliyobaki iko nje ya uzio.

Msitu huu una ukubwa wa takriban hekta 1,041, na Barabara ya Limuru huukata vipande viwili: Sigiria upande wa magharibi, na kipande kikubwa zaidi kinachoenea hadi Barabara ya Kiambu. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ndani yake hupita mito ya Ruaka, Karura na Gitathuru, ambayo si mikubwa, na katika miezi ya kiangazi mtu mzima anaweza kuivuka kwa kukanyaga mawe. Hata hivyo, mito hiyo ndiyo iliyochonga mabonde, ndiyo inayolisha miti ya kienyeji iliyosalia kwenye miteremko, na ndiyo iliyotengeneza maporomoko na mapango ambayo wageni wengi huja kuyaona.

Haiwezekani kuipima huduma hii kwa haki bila kukumbuka ilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge, na Januari 8, 1999, Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walipokwenda kupanda miti walishambuliwa na kundi la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na msitu ukanusurika. Kunusurika, lakini, hakukuufanya uwe mahali pa kupitishia familia. Kwa miaka kadhaa baadaye Karura palijulikana kwa unyang'anyi, ukataji wa miti kwa siri na miili ya watu waliouawa kwingine ikatupwa humo, na mzazi yeyote wa Nairobi aliyekuwa na akili timamu hangemruhusu mwanawe kukaribia.

Mabadiliko yalianza na Sheria ya Misitu ya 2005, iliyowapa wakazi wanaoishi karibu na msitu haki ya kuunda jumuiya na kushirikiana na serikali katika kuusimamia. Kwa msingi huo iliundwa jumuiya ya Friends of Karura Forest, inayofanya kazi pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Wenye nyumba za kifahari za Muthaiga, Gigiri na Runda walikaa meza moja na wakazi wa Huruma, kijiji cha mabanda kilichopakana na msitu, jambo ambalo jijini kwetu halitokei mara nyingi. Fedha zilichangwa, uzio wa umeme ukajengwa, na vijana wa Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi wa msitu. Naliona hilo la mwisho kuwa uamuzi wa busara kuliko yote. Uzio peke yake ungewafanya majirani maskini kuwa maadui wa msitu, ilhali ajira imewafanya kuwa macho yake, na kijana aliyekulia hapo anajua vichochoro vyote ambavyo mkata miti angejaribu kuvitumia.

Kuhusu mambo ya kawaida ya mgeni sitakaa sana. Njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli zina urefu wa takriban kilomita 50, zimewekewa alama zilizo na nambari katika makutano, na mwanamke anayekimbia peke yake asubuhi anakimbia bila hofu, jambo ambalo peke yake lingetosha kuupa msitu alama za juu. Kuna mahali pa kula, pa kuegesha magari na pa watoto kucheza. Wanyama wanaonekana kwa urahisi kwa mwenye subira: kima, paa, pongo, hondohondo, na mbega weusi kwa weupe ambao waliletwa kuanzia mwaka 2014 kutoka eneo la Kipipiri, walikokuwa wakisongwa na mashamba. Mbega hula majani na hushuka chini kwa nadra. Kuwepo kwao juu ya miti ni ushahidi kwamba msitu una matawi yanayoshikana na miti ya aina wanazozihitaji, wala hakuna bango la kujisifu linaloweza kusema hivyo vizuri zaidi yao.

Nije sasa kwenye kazi yenyewe. Adui wa kwanza wa msitu huu ni lantana, mmea wa maua ya rangi mchanganyiko ulioletwa kutoka Amerika kuwa pambo la bustani. Ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na pale jua linapofika chini, hasa mahali ambapo miti mikubwa imekatwa, lantana hujenga kichaka kizito ambacho hakuna mche wa kienyeji unaoweza kukipenya. Mwenzake ni sestrumu yenye maua ya rangi ya chungwa, ambayo hupenda unyevu na hivyo huvamia mabonde ya mito kwanza. Mtu asiyeijua kazi hudhani kwamba inatosha kufyeka kwa panga. Ukifyeka lantana bila kugusa mizizi, itachipuka upya baada ya mvua ya kwanza ikiwa na matawi mengi kuliko mwanzo. Ni lazima shina lichimbwe kwa sululu hadi chini ya fundo ambapo matawi na mizizi hukutana, kisha mabaki yageuzwe mizizi ikitazama juu ili yakauke.

Ukingoni mwa mto sheria hiyo hubadilika, na hapa ndipo nilipojifunza kuwaheshimu wasimamizi wa Karura. Kwenye mteremko mkali hatuambiwi tung'oe kila kitu kwa siku moja, kwa kuwa magugu, hata kama ni mabaya, ndiyo yanayoshikilia udongo kwa wakati huo. Kinachofanyika ni kusafisha kipande kidogo, kupanda humo mara moja, kungoja miche ishike, kisha kuhamia kipande kinachofuata. Ni kazi isiyopendeza katika picha. Kundi linaweza kufanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri na likaacha nyuma yake eneo ambalo mpita njia hataona tofauti yoyote, na bado ikawa hiyo ndiyo kazi sahihi, kwa sababu ukingo uliovuliwa nguo mwezi wa Machi utakuwa umeingia mtoni ifikapo Mei.

Kitalu cha miche ni sehemu nyingine ninayoisifu bila kusita. Wafanyakazi wake huita miti kwa majina ya Kikuyu, nasi tunaojitolea tumeyazoea: muiri, muthiga, mukinduri, muhugu, mutamaiyo. Hawakupi tu mche na kukuonyesha shimo. Watakueleza kwamba muhugu hukua polepole na hupenda ardhi isiyotuama maji, kwamba mukinduri huinuka haraka na kuwapa wengine kivuli, kwamba magome ya muthiga hutafutwa sana na waganga na kwa hiyo mti ulio karibu na njia unahitaji kulindwa, na kwamba ukingoni mwa mto panafaa mikuyu na mizambarau ya mwituni ambayo mizizi yake hukumbatia mawe na kuvumilia mafuriko. Maarifa haya hayapatikani kwa urahisi mjini, na kwa mzazi anayetaka mtoto wake ajifunze kitu kisichomo katika kitabu cha darasani, asubuhi moja kitaluni ni malipo ya kutosha.

Kazi kubwa ya muda mrefu ni kuondoa mikaratusi na miti mingine ya kigeni iliyopandwa enzi za ukoloni na baada yake kwa ajili ya kuni na mbao, na kurudisha miti ya kienyeji mahali pake. Mkaratusi hunywa maji mengi na majani yake hufanya chini yake pawe patupu, kwa hiyo kuuondoa karibu na mito ni jambo la lazima. Wageni hushtuka wanapoona miti mirefu imelala, na malalamiko hutokea kila mara. Nawasihi wanaolalamika waende pale ambapo upanzi una umri wa miaka mitano au zaidi, wasikilize idadi ya ndege, ndipo waamue. Ninachoomba mimi kwa wasimamizi ni mabango mengi zaidi, na kwa Kiswahili, yatakayoeleza mahali hapohapo kwa nini miti imekatwa, nini kimepandwa, na lini.

Kuna jambo katika utamaduni wetu wa kupanda miti ambalo linanisumbua, wala si la Karura pekee. Novemba 13, 2023, serikali ilitangaza sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, ikarudia Mei 10, 2024, na lengo lililotajwa ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Taasisi nyingi nazo hupenda siku ya upanzi yenye fulana mpya na picha za pamoja. Nafurahia ari hiyo. Lakini mche uliopandwa ukingoni mwa mto unahitaji palizi kwa misimu kadhaa kabla haujawashinda majirani zake, na wanaokuja kupalilia ni wachache kuliko wanaokuja kupanda. Jumuiya hii hufanya vyema inapoyaomba makundi yarudi na kutunza walichokipanda. Ningependa liwe sharti kwa kila kundi, ili asiyeahidi palizi asipewe mche.

Sasa mto. Ukishuka hadi kwenye maporomoko ya Mto Karura katika msimu wa mvua utaona maji ya rangi ya chai yakianguka kwa kishindo, na kwa mbali mandhari ni ya kupendeza kabisa. Ukisogea karibu, mara nyingi utaona povu jeupe limekusanyika kwenye vidimbwi, na siku nyingine utasikia harufu ya maji machafu. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yote ya hifadhi nchini, na langoni hakuna anayeruhusiwa kuingia na chupa za aina hiyo. Chupa tunazozitoa katika matope ya mto, pamoja na vitambaa, nepi na vipande vya godoro, hazikupitia langoni. Zimeletwa na maji kutoka juu, kutoka mitaa inayokua kwa kasi pande za Ruaka na Kiambu, ambako majengo ya ghorofa yameinuka upesi kuliko mabomba ya kuondolea maji taka.

Hapo ndipo ninapoona kwamba njia iliyouokoa msitu haiwezi kuuokoa mto. Uzio humzuia mwizi wa miti, mlinzi humzuia mvamizi, lakini hakuna wavu unaoweza kuzuia sabuni, mafuta na kinyesi kilichoyeyuka. Tunaweza kuokota taka kila Jumamosi na tukifika Jumamosi inayofuata tukakuta gunia jingine linatusubiri. Sisemi kazi hiyo ni bure: kila chupa inayotolewa Karura ni chupa ambayo haitafika Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Sabaki na Bahari Hindi kaskazini ya Malindi, kwa maana huko ndiko maji haya yanakokwenda. Ninasema kwamba wanaojitolea wanastahili kupewa kazi inayolingana na chanzo cha tatizo.

Kanuni za rasilimali za maji nchini zinataka ukingo wa mto uachwe wazi kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kulingana na ukubwa wa mto. Ndani ya Karura ukingo upo na umejaa miti. Nje, katika maeneo mengi ya jiji, kuta za mawe zimesimama majini. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipoleta maafa Nairobi, na serikali ikaamuru watu wahame kingo za mito, wakazi maskini wa mabondeni ndio waliobeba mzigo mkubwa zaidi wa amri hiyo. Ningependa kuona watu waliojifunza kazi Karura wakipanda na mto kuelekea juu: wakutane na vyama vya wapangaji, shule na makanisa ya huko, wapande miti ukingoni pamoja nao, na wasaidie wakazi kuandika na kufikisha malalamiko kwa mamlaka za kaunti mbili, Nairobi na Kiambu, kwa kuwa maji haya huzaliwa katika kaunti moja na kulaumiwa katika nyingine.

Pia ningeongeza kazi moja ambayo haihitaji fedha nyingi, nayo ni kuwasomesha wanaojitolea, hasa wanafunzi, kusoma afya ya mto kwa kutazama viumbe vyake. Ukigeuza jiwe mtoni ukakuta vibuu vya aina nyingi, vikiwemo vile visivyoweza kuishi pasipo oksijeni ya kutosha, mto una nafuu. Ukikuta minyoo myekundu na ruba pekee, mto unaumwa. Kipimo hicho kikifanywa mahali mto unapoingia msituni na tena unapotoka, kwa msimu baada ya msimu, jumuiya itakuwa na rekodi yake yenyewe ya kile ambacho miti inakifanya kwa maji, na atakayeulizwa mahakamani au kwenye baraza atakuwa na la kuonyesha.

Nataja mahakama kwa sababu suala la fedha haliepukiki katika tathmini ya huduma hii. Mwaka 2025 KFS ilipoelekeza kwamba kiingilio kilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, jumuiya ilikwenda mahakamani ikitetea nafasi yake ya usimamizi wa pamoja. Sitaki kujifanya hakimu wa kesi hiyo. Serikali ina haki ya kujua kila shilingi inayokusanywa katika mali ya umma. Lakini kama mtu anayeshika sululu humo, najua kwamba walinzi, kitalu na marekebisho ya njia hutegemea fedha zinazofika kwa wakati, na kwamba watu hujitolea kwa moyo mkunjufu pale wanapoona kiingilio chao kimegeuka kuwa buti za mlinzi na daraja la mbao. Mpangilio wowote utakaokata uzi huo kati ya langoni na msituni utawapunguza wanaojitolea, hata kama utaongeza mapato.

Wanaodhani mfano wa Karura unawezekana tu mahali palipo na majirani matajiri ningewashauri waende Korogocho, ambako vijana wa kundi la Komb Green Solutions wamegeuza jaa la taka kando ya Mto Nairobi kuwa bustani ya umma, kwa mikono yao, katika mtaa usio na balozi wala uzio wa umeme. Kwa upande wa mto, naona kwamba Karura ina mengi ya kujifunza kutoka kwao, kwa kuwa wao walianza na maji machafu na watu waliokuwa wakiishi palepale, wakaanza kazi bila kungoja ya juu yasafishwe. Ziara ya kubadilishana kati ya wanaojitolea wa sehemu hizo mbili ingefaa kuliko semina yoyote hotelini.

Kwa anayetaka kujiunga, wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua za masika mwezi wa Machi na Aprili au mvua za vuli kuanzia Oktoba, na wakati ambao mikono huhitajika zaidi ni miezi inayofuata, magugu yanapoinuka. Vaa shati la mikono mirefu kwa sababu shina la lantana lina miiba midogo inayochana ngozi, buti za mpira ukishuka mtoni, na glavu nene ambazo hutajali zikiharibika. Beba maji katika chupa ya chuma. Usiyaguse maji ya mto ukiwa na kidonda, na unawe kwa sabuni kabla ya kula. Watoto wa kuanzia umri wa shule ya msingi wanaweza kusaidia kitaluni na kwenye upanzi wa mahali tambarare. Kazi ya ukingoni iachiwe watu wazima. Makundi makubwa yapange mapema na wasimamizi, na yaombe kwa hiari yao kupewa kipande cha palizi katika bonde la mto, kwa sababu njiani na karibu na malango hakukosekani watu.

Katika alama tano, miti, usalama na kitalu nazipa tano, maelezo kwa wageni tatu, na mto mbili, huku nikisisitiza kwamba hizo mbili zinahusu hali ya maji yenyewe na si bidii ya walioko ndani ya msitu. Nitaendelea kwenda, na msimu ujao wa vuli kundi letu limekubaliana kuomba kazi upande ambao Mto Ruaka unaingia, ili tuanze mazungumzo na majirani wanaoishi juu yake.